Ndege ni ya saa mbili tu, mbona sipati usingizi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, watoto wamelala, na baba yao anakoroma kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Mimi macho makavu. Wiki tatu kutoka leo tunapanda ndege familia nzima, likizo yetu ya kwanza tangu tuoane. Tunavuka mpaka lakini si mbali, angani ni saa 1 na dakika 50. Kila ninayemwambia ananipongeza, nami natabasamu huku tumbo linanisokota.

Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 8, ana maswali mpaka ukijibu la mwisho umeshasahau la kwanza. Wa pili ni mvulana wa miaka 4, na huyo kukaa kitako dakika kumi ni habari ya kutangaza. Kitindamimba ana mwaka 1 na miezi 11. Siku ya tatu tukiwa huko atatimiza miaka 2, na tumefurahi kwamba atasherehekea likizoni. Huyo tumemkatia tiketi ya kupakatwa, kwenda na kurudi.

Mume wangu hupanda ndege mara kwa mara kikazi, na ndiye aliyenunua tiketi. Nikimuuliza chochote ana jibu moja. Maziwa ya mtoto yataruhusiwa? "Ni saa mbili tu." Tutakaa pamoja? "Ni saa mbili tu." Amechukua tiketi za bei ya chini kabisa, hazina begi la kupakia chini wala namba za viti, anasema mabegi ya mkononi yanatutosha. Ndege ni 09:40 na anaona tukiamka kama siku ya shule tutafika tu.

Shangazi, mimi sijawahi kupanda ndege. Naogopa masikio ya mtoto. Naogopa atalia njia nzima, maana niliona video ya mama mmoja ambaye abiria walimrekodi badala ya kumsaidia. Dada yangu ameniambia nimpe dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, nimalize kazi. Na juzi binti yangu kaniuliza, "Mama, ndege ikitikisika ndiyo inaanguka?" Nikamwambia akamuulize baba yake. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nataka kujua.

Nitegemee nini? Au ni mimi ninayekuza mambo?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, kamwamshe huyo baba. Si kwa ugomvi. Mwambie aitazame upya tiketi ya kitindamimba.

Tiketi ya kupakatwa ni ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 2, na umri unaohesabiwa ni wa siku ya kila safari, si wa siku mliyonunua tiketi. Mtoto wako ataondoka akiwa na siku chache kabla ya miaka 2, na atarudi akiwa ameshaitimiza. Kwa safari ya kurudi anatakiwa kuwa na kiti chake. Watu hugundua hili wakiwa kaunta ya uwanja wa ugenini, likizo imekwisha, mkoba umekwisha, ndege imejaa, na karani anatazama tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti. Wapigieni simu shirika la ndege kesho, mueleze tarehe yake, mnunue kiti cha kurudi wakati viti bado vipo. Umeliandika jambo hili kwenye barua kama habari njema ya pembeni, na kumbe ndilo lililokuwa limejificha kuliko yote. Kwa hiyo swali lako la mwisho limeshajijibu: hukuzi mambo.

Sasa tuje kwenye hizi "saa mbili tu".

Mumeo hasemi uongo. Anasema ukweli wa mtu mmoja mwenye begi moja, anayeingia uwanjani huku akisoma simu na kutoka upande wa pili bado anaisoma. Tuhesabu siku yenu. 09:40 ni saa ya tiketi. Kwa saa zetu ni saa 3 na dakika 40 asubuhi. Usinicheke kwa kulisema hilo. Namfahamu msomi mzima aliyeona 07:10 akasoma saa saba na dakika kumi mchana, akafika uwanjani amejipulizia manukato, ndege ilishatua zamani huko iendako.

Saa 3:40 ndiyo ndege inaanza kusogea, siyo muda wa kuipanda. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya hapo, mashirika mengine mapema zaidi, na likifungwa hata kama ndege unaiona kwa macho hupandi. Kaunta ya mizigo hufungwa kati ya dakika 40 na saa nzima kabla. Kwa safari ya kuvuka mpaka, na watoto watatu, mimi ningetaka muwe mmeingia jengoni saa 1 asubuhi. Rudisha nyuma safari ya barabarani, rudisha nyuma kuwavalisha watu watatu ambao mmoja wao anavua viatu kila ukimvalisha, utakuta mnaamka saa 10 na nusu au saa 11 alfajiri. Mnatua saa 5 na nusu. Foleni ya pasipoti, mizigo, usafiri wa kuwatoa hapo: jua litakuwa utosini kabla hamjavua viatu. Hiyo ndiyo safari yenu. Angani ni kipande kidogo chake, na wala siyo kipande kigumu.

Pasipoti nitazipitia haraka. Kila mtoto ana yake, jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na mtazame tarehe za mwisho leo hii. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele, na za watoto mara nyingi hupewa miaka michache kuliko za wakubwa. Hiyo ya binti wa miaka 8 ndiyo ningeitazama kwanza. Kama jina la ukoo la mtoto halifanani na la mmoja wenu, chukueni nakala ya cheti chake cha kuzaliwa.

Kuhusu mabegi, mumeo anahesabu kilo. Wewe hesabu mikono. Mko wakubwa wawili, mikono minne. Mmoja umembeba kitindamimba. Wa pili umemshika huyu wa miaka 4, ambaye akiachiwa katika ukumbi mpana wenye ngazi zinazotembea hutamwona tena mpaka atangazwe kwa kipaza sauti. Inabaki mikono miwili ya kukokota mabegi manne, kigari cha mtoto, pasipoti tano na chupa ya maji. Haitoshi. Nunueni nafasi ya begi moja kubwa la kupakia chini, mlinunue mtandaoni kabla ya siku yenyewe maana uwanjani bei huwa kali zaidi. Mlikabidhi kaunta, mliage. Yatakayobaki ya mkononi yapimeni nyumbani pamoja na magurudumu na mshikio, kwani kile kisanduku cha chuma cha kupimia begi pale getini hakina huruma na magurudumu.

Halafu tenga mkoba mmoja mdogo ambao hautoki miguuni pako. Ndege ikijaa, wahudumu huchukua mabegi ya mkononi getini na kuyapeleka chini pamoja na mizigo mingine, na hapo ndipo mama hukumbuka dawa ya mtoto imeenda nayo. Kwenye mkoba huo weka nepi, maziwa, dawa, nguo moja kamili ya kila mtoto, na blauzi yako wewe. Ndiyo, yako. Mtoto akitapika hatatapika kwenye nguo zake peke yake. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, nayo ikae humo, kwa sababu betri za aina hiyo haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Zikishika moto kule hakuna wa kuziona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, kipimo cha umeme ambao betri inabeba, na ile iliyoandikwa mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo za kawaida mko salama. Begi likichukuliwa getini, itoeni kwanza.

Ukaguzi ndio unaowatoa watu jasho. Tangu mwaka 2006, baada ya kuzimwa njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi vimeshikilia kanuni ile ile: kila kimiminika kwenye chupa isiyozidi mililita 100, na chupa zote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani, wa lita 1. Viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini mnakwenda kwa kiwanja kimoja na kurudi kwa kingine, basi fungeni kwa kufuata kilicho kigumu. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga havifungwi na kanuni hiyo. Chukua kiasi cha safari na akiba ya kuchelewa, uvitoe begini na kusema wazi ni vya mtoto, na usishangae wakivipima. Kitindamimba anatolewa kwenye kigari na kubebwa, kigari kinakunjwa kinapita kwenye mashine. Mpangilio wa kupita uwe baba kwanza, watoto mmoja mmoja, wewe mwisho, ili upande wowote wa ule mlango wa kukagulia watu mtoto asijikute peke yake. Bunduki ya mchezo ya kijana ibaki nyumbani. Na huyu binti wa maswali mwambie kabla kwamba neno "bomu" halisemwi pale hata kwa utani, kwa sababu walinzi hawaruhusiwi kucheka.

Viti. Ndege za safari fupi mara nyingi ni Airbus A320 au Boeing 737 au ndugu zao, zenye njia moja katikati, viti vitatu huku na vitatu kule. Kwenda mna viti vinne: watatu upande mmoja, wa nne ng'ambo ya njia kwenye safu hiyo hiyo. Mkiuacha mfumo uwapangie, mnaweza kutawanywa ndege nzima. Wahudumu kwa kawaida hujitahidi mtoto mdogo asikae mbali na mzazi, ila kujitahidi huko hufanyika ndege ikiwa imejaa watu ambao wengine walilipia viti vyao na hawana nia ya kuhama. Kama mfuko unaruhusu, lipieni viti. Kama hauruhusu, jisajilini mtandaoni kwa safari yenu (ndiyo wanayoiita check-in) dakika ile ile usajili unapofunguliwa, kwa kawaida saa 24 kabla au mapema zaidi. Mashirika mengine ya bei nafuu hutoza faini kwa anayesubiri kujisajili uwanjani, kwa hiyo msilale mkasahau.

Mtoto akae dirishani au katikati, mkubwa njiani. Toroli la vinywaji likipita linagonga viwiko, na juu yake kuna maji ya moto. Ukiwa umempakata mtoto usipokee chai wala kahawa, hata kama umeitamani. Na mkiona mhudumu anakuhamisha kwa sababu safu ile ina mtoto mwingine wa kupakatwa, usibishane. Juu ya viti vitatu kwa kawaida kuna barakoa nne za hewa, kwa hiyo mtoto wa ziada ni mmoja tu kila upande. Barakoa hizo zikishuka, jambo ambalo huenda usilione maisha yako yote, unavaa yako kwanza halafu unamvalisha mtoto. Bila hewa hiyo akili huanza kupotea kwa sekunde, na mtoto hawezi kukuvalisha wewe.

Familia zenye watoto wadogo huitwa kwanza kupanda. Wengi hukimbilia. Mimi naona mwenye mtoto wa miaka 4 asiyetulia anajiongezea nusu saa ya kumfungia kwenye kiti bila sababu. Mtangulize baba na mabegi, ashike nafasi ya juu, wewe na watoto mzunguke ukumbini mpaka foleni ipungue, kisha muingie. Choo kabla ya kupanda ni amri, hata kwa anayeapa hana haja. Nepi ibadilishwe hapo hapo. Ndege nzima ya watu 180 ina vyoo vitatu hivi, taa ya mikanda itawaka mwanzo na mwisho, toroli litaziba njia katikati. Ukitoa hayo yote, muda wa kufika chooni ni kama saa moja. Meza ya kubadilishia mtoto ipo, inakunjuliwa juu ya choo, lakini humo ndani hata kugeuka ni mazungumzo. Na kile choo hunyonya kwa mlio mkubwa wa ghafla, mwambie kijana kabla hajabonyeza, vinginevyo utamfukuza njiani suruali ikiwa magotini.

Sasa binti yako na swali lake. Ungelijibu hivi.

Ndege ikitikisika haianguki. Inapita kwenye hewa inayopanda na kushuka, kwa sababu ya joto, milima au mawingu. Akiketi nyuma ya bawa ataliona ncha yake ikinesa, na ajue limetengenezwa linese; bawa gumu lisilopinda ndilo lingevunjika. Wanaoumia kwenye mtikisiko karibu wote ni wale ambao hawakufunga mkanda, wakarushwa juu wakagonga dari. Kwa hiyo mkanda ufungwe hata taa ikizimwa. Kitindamimba, mashirika mengi yatakupa mkanda mdogo unaopachikwa kwenye wako. Kama utambeba kwa mbeleko, huenda ukaambiwa umtoe wakati wa kuruka na kutua.

Ila mwanangu, nadhani kitakachokushtua wewe si mtikisiko, ni sauti, na mumeo ameshazizoea hata hazisikii. Mkiwa bado chini, kama ndege ni ya jamii ya A320, unaweza kusikia chini ya sakafu mlio kama mbwa anayebweka au msumeno unaokata ubao. Ni pampu inayosawazisha nguvu ya mafuta yanayosukuma mitambo ya ndege. Baada ya kuruka utasikia kishindo: magurudumu yameingia tumboni na milango yake imefungwa. Kisha kama dakika moja au mbili baadaye injini zitapungua sauti na tumbo litakuambia tunashuka. Hatushuki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kurukia haihitajiki tena, na ndege inaendelea kupanda. Hapo ndipo wageni wengi hushika mkono wa jirani wasiyemjua. Wakati wa kutua mabawa yatalia kama mota ya geti yakijitanua, magurudumu yatatoka kwa kishindo na mvumo wa upepo, na mkigusa ardhi vibao vitasimama juu ya bawa na injini zitanguruma kuliko wakati wote. Hiyo ni breki. Ikitokea mmekaribia ardhi kabisa halafu ndege ikanyanyuka tena kwa nguvu, rubani ameona ni heri azunguke ajaribu upya, na marubani huifanyia mazoezi hatua hiyo.

Mpe binti kazi ya kuzisikiliza sauti hizi moja moja na kukutangazia. Atakuwa na shughuli, nawe utakuwa na mtangazaji.

Masikio. Hewa ndani ya ndege haiwi nzito kama ya chini. Hushikiliwa kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ikipanda, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutoka yenyewe kwa urahisi. Ikishuka, hewa inatakiwa kurudi ndani kupitia kijia kinachotoka nyuma ya pua, na kwa mtoto kijia hicho ni chembamba na kimelala, kinaziba upesi. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kushuka zaidi kuliko kupanda, na kina mama wengi humaliza chupa yote ya maziwa wakati wa kuruka wakabaki mikono mitupu pale inapohitajika. Weka akiba. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Ukisikia tangazo, au ukihisi sikio lako limejaa, mwamshe mtoto kama amelala, kwani aliyelala hamezi mate vya kutosha, kisha mpe titi, chupa au chochote cha kunyonya. Wa miaka 4 anywe kwa mrija, kidogo kidogo. Binti anaweza kufundishwa kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu, siyo kwa nguvu. Mtoto akiwa na mafua mazito au maumivu ya sikio siku zile za mwisho, mpelekeni kwa daktari kabla ya kusafiri.

Dada yako msalimie sana, lakini hiyo chupa ya dawa ibaki kabatini. Dawa za mafua hazifai kupewa mtoto wa umri huo bila daktari, na zile za kuleta usingizi zinaweza kumlegeza kupumua. Wengine huwageuza kabisa: badala ya kulala, mtoto anachangamka kama amekunywa umeme. Hebu fikiria hilo kwenye kiti cha sentimita arobaini na ushee.

Na akilia? Atalia kidogo, huenda. Injini zinavuma kiasi kwamba kilio kinachokupasua kichwa wewe, safu tano nyuma hakisikiki sana. Ile video uliyoiona ilisambaa kwa sababu ni kituko; mamilioni ya watoto waliolia wakanyamaza hakuna aliyewapiga picha. Simama naye njiani taa ya mikanda ikizimwa, tembea mpaka nyuma kwa wahudumu, rudi. Vitu vya kuchezea usivitoe vyote kwa pamoja. Kitu kipya kimoja kila dakika 20 kinatosha safari nzima, na filamu zipakuliwe kwenye simu mapema maana msitegemee intaneti kule juu. Vitafunio mbebe mara mbili ya mnavyodhani, kwa sababu ya kuchelewa. Ndege ikichelewa saa mbili, hizo ndizo saa ngumu kuliko zote, na haziandikwi kwenye tiketi.

Mkitua, watu watasimama wote kwa pamoja wabane njia. Nyinyi kaeni. Kigari mlichokiachia mlangoni huenda kikarudishwa mlangoni au kikaja kwenye mkanda wa mizigo, ulizeni mnapokikabidhi, na kiwe na stika yake. Kikivunjika au begi lisipotokea, msitoke kwenye ukumbi ule kabla ya kuripoti na kupewa karatasi yenye namba. Kwa safari nyingi za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unawapa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika na siku 21 kwa uliochelewa, lakini ile karatasi ya pale pale ndiyo inayokata maneno.

Limebaki la mumeo. Usimwambie "nisaidie", maana anayesaidia husubiri kuitwa. Mpe vyake. Kijana wa miaka 4 ni wake kutoka mlango wa nyumbani mpaka mlango wa hoteli: choo chake, mkanda wake, vitafunio vyake, kukimbizana kwake. Pasipoti na tiketi zote ni zake pia, ziko mfukoni mwake na wewe huulizwi. Wewe una kitindamimba na mkoba wa miguuni. Binti anasoma ubao wa matangazo na kuwaambia geti namba ngapi, atakuwa makini kuwazidi nyote wawili. Halafu mwambie lile uliloniambia mimi, kwamba hujawahi kupanda ndege na unaogopa. Kwenye barua yako sikuona mahali ulipomwambia. Huenda anadhani unauliza habari ya maziwa tu.

Kesho mpige simu ya tiketi. Kwenda, mwachie binti dirisha, asilale na maswali. Kurudi mtakuwa na viti vitano. Dirisha ukae wewe.

Shangazi